Wengi Wape, na Wachache Je?

Katika methali za Kiswahili ipo moja ambayo watu wa siasa huipenda kuliko nyingi nyingine, nayo ni ile isemayo wengi wape. Ni methali fupi, ina sauti ya amri, na hukata shauri kama wembe ukatavyo uzi. Lakini mtu akiitafakari kwa utulivu ataona kwamba imenyamaza juu ya jambo moja. Haisemi wachache wafanywe nini. Wakae wapi baada ya mikono kuhesabiwa, na maneno yao yatiwe katika kapu gani. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa historia ana haki ya kusita anapofika mwaka 1992, akaikuta Tanzania imewauliza watu wake swali kubwa la siasa, imepata kwa wengi jibu lililo wazi, kisha imefuata neno la wachache. Wako wasemao kwamba huo ulikuwa ujanja wa watawala, na wako wasemao kwamba ilikuwa hekima. Kila upande una sehemu ya kweli, na sehemu hizo hazipambanuki mpaka tujue nini kilisikika wakati ule na nini hakikusikika.

Hapana budi turudi nyuma kidogo. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora. Shauri lililokuwa mbele ya wajumbe lilikuwa chungu: je, chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ambao masharti yake ya elimu na kipato yaliwafungia nje wananchi walio wengi, au kiususe? Wajumbe wengi walifika na hasira, nao walikuwa na haki ya kuwa nayo. Julius Nyerere akawashawishi kuingia, na matokeo yakaonyesha kwamba shauri lake lilikuwa jema, kwani TANU na wale iliowaunga mkono walishinda. Lakini Zuberi Mtemvu hakushawishika. Akatoka, akaunda chama chake, African National Congress, na katika uchaguzi wa urais wa Novemba 1962 akasimama kushindana na Nyerere. Alipata kura elfu 21 na ziada. Mwenzake alipata zaidi ya milioni 1.1. Watu wale elfu 21 ni wagumu kuonekana katika vitabu vyetu. Hutajwa kama tarakimu ya kupambia ushindi wa mwingine, kisha ukurasa hufunuliwa.

Hata kabla ya kura hiyo kusahauliwa, Halmashauri Kuu ya TANU ilikwisha kuamua, Januari 1963, kwamba nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka uliofuata ikaundwa Tume chini ya Makamu wa Rais, Rashidi Kawawa. Msomaji aliangalie vema agizo lililopewa Tume hiyo. Haikuambiwa kuwauliza watu kama wanataka chama kimoja. Hilo lilihesabiwa kuwa limekwisha. Iliambiwa itafute namna ya kuuendesha mfumo huo uwe na demokrasi ndani yake. Ndani ya mpaka huo ilifanya kazi ya maana. Ilipendekeza wagombea wawili wa chama kile kile washindane katika kila jimbo, na katika uchaguzi wa 1965, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenzake ya nyumba, wananchi waliwaangusha wakubwa kadhaa, akiwamo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Si kweli, basi, kwamba sauti za watu zilizibwa zote. Ilizibwa sauti ya aina moja tu, ile isemayo: mimi sitaki kuwa katika nyumba hii.

Nyerere mwenyewe alikuwa ametoa hoja yake katika kijitabu cha 1963 juu ya demokrasi na vyama. Alishika mfano wa wazee waketio chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Vyama viwili, kwa maoni yake, vilizaliwa Ulaya kwa ugomvi wa matabaka. Nchi isiyokuwa na ugomvi huo haikuwa na sababu ya kuuagiza kutoka ng'ambo kama bidhaa. Ni hoja nzito, na wanaoicheka leo aghalabu hawajaisoma. Lakini ina sharti ndani yake ambalo wafuasi wake walilipita haraka. Ikiwa uhalali wa baraza unatoka katika kukubaliana, na si katika kuhesabiana, basi maadamu yuko mzee mmoja asiyekubali, mazungumzo hayajaisha. Huwezi kuuweka mti kwa ajili ya maongezi, kisha ukapitisha shauri kwa wingi wa vichwa na kumwambia aliyebaki anyamaze. Kwa hakika taifa si kijiji. Kijijini mzee mkaidi aweza kuketi siku tatu chini ya mti na wenzake wakamstahimili; taifa halina mti wa kivuli kikubwa kiasi hicho. Ila jambo hilo ni sababu ya kutafuta mahali pengine pa kuketi, wala si sababu ya kumfukuza.

Miaka ishirini na mitano ikapita. Zanzibar, iliyokuwa na chama chake pekee cha Afro-Shirazi tangu Mapinduzi ya Januari 1964, ilikiunganisha na TANU tarehe 5 Februari 1977, kikazaliwa Chama cha Mapinduzi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwaka uliofuata Nyerere aliacha urais, na Ali Hassan Mwinyi akashika mahali pake. Kisha ikaja 1989, serikali za vyama pekee katika Ulaya ya Mashariki zikaanguka moja baada ya nyingine, na mwanzoni mwa 1990 Nyerere, akiwa bado Mwenyekiti wa chama, akasema hadharani kwamba si dhambi kulizungumza suala la vyama vingi. Juni 1991 watu waliotaka mabadiliko walikutana Dar es Salaam katika semina yao wenyewe, wakaunda kamati chini ya Chifu Abdallah Fundikira, mtu wa Unyanyembe aliyekuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya Nyerere. Ni jambo la kutia tabasamu kwamba sauti hiyo ilitoka tena Tabora. Wafadhili wa ng'ambo nao walikuwa wakisukuma, na asiyetaja hilo anaficha nusu ya habari.

Rais Mwinyi alikuwa amekwisha kuunda Tume, Februari 1991, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, na wajumbe wake wakitoka Bara na Visiwani. Safari hii swali lenyewe ndilo lililoulizwa: chama kimoja au vyama vingi? Tume ilizunguka mikoa yote, ikafanya mikutano ya hadhara, ikapokea maandishi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Katika kila 100 kati yao, 77 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, na 21 hivi walitaka vyama vingi.

Wasomi wengi hukimbilia wale 21. Mimi nadhani yafaa kuketi kwanza na wale 77, maana kusikiliza si zawadi wapewayo wachache peke yao. Mtu wa Kagera aliyesema chama kimoja mwaka 1991 alikuwa ameona vita vya Idi Amin kwa macho yake miaka kumi na miwili kabla, na ng'ambo ya mpaka wake Rwanda ilikuwa vitani tangu Oktoba 1990. Mtu wa Ruvuma alikuwa na jirani Msumbiji, ambako risasi zilikuwa hazijanyamaza. Somalia ilikuwa imevunjika Januari ile ile. Watu hao waliogopa kwamba vyama vitakuwa jina jipya la makabila na dini, na hofu yao haikuwa ujinga. Ilikuwa elimu iliyopatikana kwa bei kubwa. Tena wengi katika hao waliosema chama kimoja hawakusema hivi kilivyo. Walitaka kibadilike, wakataja viongozi wasiowajibika na rushwa, na amri zishukazo kutoka juu bila kuuliza. Aliyehesabu tu aliandika: mmoja, chama kimoja. Aliyesikiliza aliandika mengi zaidi.

Tume, ilipotoa ripoti yake mwanzo wa 1992, ilipendekeza vyama vingi. Hoja zake zilikuwa kwamba moja katika tano si watu wa kupuuzwa, kwamba mabadiliko yaliyotakwa na walio wengi ndani ya chama kimoja yasingepatikana bila ya chama hicho kuwa na mshindani, na kwamba ni bora nchi igeuke ingali na amani kuliko kungoja kusukumwa. Nyerere aliunga mkono. Chama kikakubali, Bunge likabadili Katiba na kupitisha Sheria ya Vyama vya Siasa, na kuanzia tarehe 1 Julai 1992 mtu aliweza kuanzisha chama. Ile hofu ya wale 77 nayo ilitiwa katika sheria: chama hakikuruhusiwa kusimama juu ya kabila, dini wala eneo, na ili kiandikishwe kilipaswa kuwa na wanachama katika mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Sharti hilo limelaumiwa kwamba ni zito kwa vyama vichanga. Huenda ni zito, lakini lisomwe kama jibu kwa mtu wa Kagera.

Sasa, kwa nini ilikuwa halali kufuata wachache? Hoja iliyo bora kuliko zote, kwa fikira zangu, si ya tarakimu hata kidogo. Tuwatazame watu wawili. Wa kwanza anataka chama kimoja, nacho chama chake anacho. Vyama vingi vikiruhusiwa, hakuna atakayemtoa. Atabaki na kadi yake na wimbo wake, na wingi wake pia. Wa pili anataka chama kingine. Chama kimoja kikibaki, hana kitu. Hasara zao hazilingani, na mizani isiyoona tofauti hiyo ni mbovu hata kama hesabu yake ni sahihi. Wako mambo ambayo mtu hapaswi kuwaomba wengi ruhusa ya kuyafanya, na kukusanyika na wenzake ni mojawapo. Lau wale 21 wangekuwa 2 tu, kama walivyokuwa watu wa Mtemvu, hoja ingebaki vile vile. Historia yetu imejisifu mno kwa kuisikiliza asilimia ishirini, kana kwamba ukubwa wa namba ndio uliowapa haki.

Na namba yenyewe, hebu tuiangalie. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Benjamin Mkapa alipata kura za urais kiasi cha 62 katika kila 100, na wapinzani wake watatu wakagawana 38. Augustine Mrema peke yake alikaribia 28. Miaka minne tu ilikuwa imepita. Yamkini wengine waligeuka mawazo, lakini wengine, nadhani, hawakugeuka. Waliulizwa mwaka 1991 mkutanoni, mbele ya viongozi na majirani, na mtu huyo huyo akiwa peke yake na karatasi ya kura hujibu vingine. Kwa hiyo hata kuhesabu kunataka usikivu, maana jibu la mdomo hubeba ndani yake sura ya aliyeuliza.

Liko tena jambo ambalo wastani wa nchi nzima ulilifunika. Zanzibar hawakuwa 21 katika 100 waliotaka vyama vingi, walizidi 40. Asiyejua historia ya Visiwa angedhani hiyo ni tofauti ndogo ya mahali na mahali. Ajuaye angekumbuka uchaguzi wa Julai 1963, ambao Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote na viti 13 tu katika 31, na miezi sita baadaye yakatokea Mapinduzi. Visiwa vile vilikuwa vimegawanyika karibu nusu kwa nusu tangu zamani, na miaka thelathini ya chama kimoja haikuiondoa nusu wala kuipunguza; iliifunika kwa mkeka. Mwaka 1995 mkeka ukafunuliwa. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Seif Sharif Hamad akiwa na 49.8. Pemba yote, viti 21, ilikwenda kwa chama cha CUF. Mtu mwenye 50.2 akasema wengi wape, naye akachukua vyote.

Yaliyofuata yanajulikana, na sitaki kuyapitia moja moja. Mwafaka uliandikwa 1999 ukavunjika. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, watu zaidi ya 30 wakafa, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni katika Kenya. Mwafaka wa pili ukatiwa saini Oktoba mwaka huo. Lakini kitu kilichobadili mambo hakikuwa karatasi za wajumbe na mashahidi. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar, wao kwa wao. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, na wawili katika kila watatu wakakubali serikali ya pamoja, ambayo mshindi na mshindwa wote wana nafasi kwa mujibu wa Katiba. Hapa twaona wengi waliokubali kwa kura yao kwamba wengi wasipewe vyote. Hata hivyo theluthi moja ilikataa, nao pia walikuwa na sababu zao, wakiwamo watu wa Unguja waliokumbuka maumivu ya kabla ya 1964. Sikuona juhudi kubwa ya kuwaendea. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa baada ya kura kupigwa, na mengi yaliyojengwa yakatikisika.

Turudi kwa Tume ya Nyalali, kwani habari yake haijaisha. Haikupendekeza vyama vingi tu. Ilitaja sheria 40 zilizowakandamiza watu, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Ilitaka Muungano uwe wa serikali tatu. Ilitaka pia Katiba iangaliwe upya na watu waelimishwe kabla ya kuingia katika mashindano. Katika hayo, serikali ilichukua lile la vyama, na mengine ikayaacha au ikayaahirisha; sheria nyingi kati ya zile 40 zilibaki katika vitabu kwa miaka mingi. Mwaka 1993 wabunge 55 walipotaka Serikali ya Tanganyika, Nyerere yule yule aliyewatetea wachache mwaka uliotangulia aliwapinga kwa nguvu zake zote. Wakosoaji husema: tazama, wachache walisikilizwa pale tu waliposema jambo ambalo wakubwa walikwisha kulikubali.

Shutuma hiyo ina ukali, na mwaka 1999 ilipata ushahidi. Kamati ya Jaji Robert Kisanga ilikusanya maoni juu ya Katiba, ikakuta wengi mno, zaidi ya 80 katika 100, wanataka serikali mbili, kisha yenyewe ikapendekeza tatu. Rais Mkapa aliikemea hadharani. Hivyo jaji mmoja aliyewapita wengi alishukuriwa, na jaji wa pili aliyewapita wengi alikaripiwa, na muda kati yao ni miaka saba. Je, si unafiki?

Kwa sehemu ndiyo. Lakini tusiikubali shutuma yote bila ya kuipepeta. Kile kipimo cha hasara nilichokitaja hapo juu hakifanyi kazi kwa njia moja katika mambo yote mawili. Vyama vingi vyaweza kukaa pamoja na mtu apendaye kimoja. Serikali tatu na serikali mbili haziwezi kukaa pamoja katika nchi moja. Ni lazima iwe hii au ile, kwa wote. Penye jambo la namna hiyo neno la wengi lina uzito ambao halikuwa nao mwaka 1991, na kamati inayolipita yapasa iwe na sababu nzito na unyenyekevu mwingi zaidi. Mkapa alikuwa na hoja. Ila alikosea kuifanya karipio, kwa maana wajumbe wa kamati ijayo watakaoona jambo tofauti na alitakalo Rais watajifunza kulimeza, na serikali iliyozungukwa na watu waliomeza maneno yao haina tena wa kumsikiliza.

Miaka kumi na mitano baada ya karipio hilo swali la serikali tatu lilirudi. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi, na rasimu yake ya Desemba 2013 ikapendekeza serikali tatu. Bunge Maalum lilikutana Dodoma Februari 2014, na walio wengi humo walikuwa wa chama tawala. Rasimu ikaanza kugeuzwa irudi katika serikali mbili. Maneno makali yakatupwa pande zote, mengine ya kuumiza, juu ya asili ya watu na dini zao, yaani yale yale ambayo mtu wa Kagera aliyahofia. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa upinzani waliinuka wakatoka. Waliobaki waliendelea na kazi viti vile vikiwa vitupu, na mwanzoni mwa Oktoba wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa, wakihesabu kwa uangalifu theluthi mbili za Bara na theluthi mbili za Zanzibar. Kura ya maoni ya wananchi ilipangwa kuwa tarehe 30 Aprili 2015. Siku hiyo ilifika, na kura haikupigwa.